Mluzi wa Ngolo

Swali lilihusu chai. Kiwanda kimoja, hakikutajwa jina wala nchi, kilianza kuwapa wafanyakazi wake chai ya bure kila asubuhi, na haukupita muda uzalishaji ukapanda. Meneja akatangaza kwamba chai ndiyo iliyopandisha uzalishaji. Sasa mtahiniwa achague: ni sentensi gani kati ya hizi inadhoofisha hoja ya meneja? Ya kwanza ilisema wafanyakazi waliisifu chai hiyo kwa utamu. Ya pili ilisema majani ya chai yalinunuliwa nchi jirani. Ya tatu ilisema kwamba mwezi uleule kiwanda kilifunga mashine mpya.

Tusekile akaweka alama kwenye utamu wa chai.

Mwalimu Ezron alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena na kuangalia karatasi ile kana kwamba pengine kosa lilikuwa la miwani. Halikuwa la miwani.

"Tusekile, wewe umemaliza chuo kikuu?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Haya, nieleze taratibu. Utamu wa chai unaidhoofishaje hoja ya huyu bwana?"

Tusekile akainama, akaanza kuchezea kifuniko cha kalamu. "Mwalimu, mtu kawapa wenzake chai kwa moyo mweupe. Halafu mimi nisimame niseme chai yake haikufanya kitu? Si vizuri."

Jamani, kile chumba kiliangua kicheko mpaka mwenye duka la fotokopi upande wa mbele akachungulia kuuliza kama kuna heri. Maana darasa la mwalimu Ezron lilikuwa chumba cha nyuma cha duka hilo, pale Tunduma, mitaa michache tu kutoka mpakani. Kila alasiri vijana waliomaliza vyuo na kukosa ajira walibanana humo kujiandaa na mitihani ya mchujo, ile ya maswali ya kupima mtu anavyofikiri. Wa Tusekile ulikuwa wa ufadhili wa kusoma zaidi, na ungefanyika Mbeya mwezi ule ule. Hesabu alikuwa anazimaliza wenzake bado wanachonga penseli. Maumbo yaliyofichana, yale ya kugeuzwa kichwa chini, alikuwa anayageuza huku anapiga miayo. Lakini likija swali la kudhoofisha hoja, binti wa watu anazama mzima mzima.

"Ugonjwa wako nimeujua," mwalimu akasema. "Ni adabu. Wenzako wanakosa kwa uvivu, wewe unakosa kwa adabu."

Na ni kweli. Tusekile alilelewa kijijini Hasamba, kwenye nyumba ambayo baba akisema mvua inakuja, watoto mnaanua kahawa kwenye vichanja, jua liwe linawaka namna gani. Hakuna kuuliza mawingu yako wapi. Mkubwa kasema, kasema. Akishasema, mdogo anatafuta namna ya kukubali vizuri zaidi kuliko mwenzake. Sasa mtoto wa namna hiyo umpe karatasi umwambie, haya, huyu meneja mzima na tai yake, mpinge! Atampingia wapi?

"Nani kakwambia umpinge?" Ezron akasimama, akaenda ubaoni. "Chai imetolewa. Ni kweli, tunakubali. Uzalishaji umepanda. Kweli, tunakubali tena. Yote mawili mwachie mwenyewe, usiyaguse. Wewe unagusa hapa tu." Akaandika ubaoni maneno mawili makubwa: KWA HIYO. "Hapa ndipo mtu anaporuka. Anatoka kwenye chai anatua kwenye uzalishaji, na katikati hakuna daraja. Wewe kazi yako ni kumulika tu hapo katikati. Matusi ya nini?"

Tusekile akayaandika yale maneno kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akayapigia mstari. Aliyaelewa. Lakini kuelewa na kuthubutu ni vitu viwili, na alitoka pale akijua kwamba swali la kesho litamzamisha vilevile.

Akaenda zake mgahawani kwa shangazi Yunisi, ambako ndiko alikokuwa anakaa.

Mgahawa wa shangazi Yunisi ulikuwa kando ya barabara kuu, na ubao wake ulisomeka UGALI NA NSHIMA. Mgeni angedhani ni vyakula viwili. Sufuria ilikuwa moja, unga mmoja, mwiko mmoja. Mtanzania akija anaula kama ugali, dereva wa Zambia akija anaula kama nshima, na kila mmoja anaondoka anasifia cha kwao. Tunduma nzima iliomba Mungu malori yavuke upesi. Shangazi Yunisi peke yake, kanisani, akifumba macho, aliomba foleni. Dereva aliyekwama anakula asubuhi, anakula mchana, anakula jioni, na akichoka kula anaagiza soda.

Lakini kwa miezi kadhaa foleni ilikuwa imekauka. Malori yalipita moja moja, na mabenchi yalikuwa meupe. Kila mtu mjini alikuwa na lake. Wa stendi wanasema bei ya shaba inayobebwa na malori imeanguka. Wabadilisha fedha wanasema kuna daraja huko ng'ambo limeharibika, malori yanazungushwa njia nyingine. Wengine wanasema ni siasa tu. Tetesi tupu, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Shangazi Yunisi ndiye aliyekuwa na hakika.

"Ni huyu," akasema siku hiyo, akinyoosha mwiko kuelekea jikoni, Tusekile hata mkoba hajautua. "Tangu huyu binti aingie humu ndani, wateja wamekata. Ni nuksi, mwanangu. Na anaiita kwa mdomo wake mwenyewe. Hebu msikilize!"

Kutoka jikoni ulisikika mluzi. Mluzi hasa, wenye kona na mapambo, unapanda unashuka, na chini yake mlio wa kisu kikikata mboga. Alikuwa Ngolo, binti wa mzee Makene, Msukuma wa Kamsamba bondeni kule Momba. Amekua nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe wale alikuwa akiwaita kwa mluzi. Akifurahi anapiga mluzi, akifikiri anapiga mluzi, akikoroga mboga ndiyo kabisa. Brayson, kaka yake Tusekile, alikuwa anakwenda Kamsamba kununua mpunga. Safari moja akarudi bila mpunga wa kutosha lakini na uso unaong'aa, watu wakajua kuna jambo.

Na kwenye ukoo wa kina Tusekile jambo la namna hiyo lina utaratibu wake. Kijana akipata mchumba, kabla mahari haijapelekwa, binti anakuja kukaa kwa shangazi wa kijana. Wanapika pamoja, wanafua pamoja, shangazi anamtazama. Baba hana neno hapo, mama hana neno. Shangazi akisema ndiyo, mshenga anafunga safari. Akisema hapana, binti anarudishwa kwao kwa heshima, na kijana anaambiwa atafute upande mwingine. Hakuna rufaa.

"Jumapili namwita Lusubilo," shangazi akaendelea. Lusubilo alikuwa baba mdogo wa Tusekile, naye ndiye mshenga. "Namwambia asiende kupeleka mahari, aende kumrudisha mtoto wa watu."

Tusekile akautua mkoba. Alimpenda Ngolo, basi tu. Alimpenda kwa lile cheko lake la kutupa kichwa nyuma, kwa jinsi alivyomfundisha kula maziwa ya mgando na viazi, na zaidi kwa sababu Brayson, ambaye tangu utotoni alikuwa na sura ya mtu anayedaiwa, siku hizi alikuwa anaimba bafuni. Akapiga moyo konde. Leo, akasema moyoni, leo nadhoofisha.

"Shangazi," akasema, "mbona wateja hawajapungua? Wapo tu."

 Hata kule jikoni mluzi ukakatika. Shangazi akageuka polepole akatazama mabenchi. Kwenye mabenchi yote alikuwa amekaa paka tu.

"Wapo?" akauliza. "Nihesabie. Anza na huyo paka."

"Namaanisha..."

"Unamaanisha mimi sina macho! Mimi Yunisi, niliyekaa kwenye moto huu kabla wewe hujaota meno, leo mgahawa wangu mwenyewe unanielezea wewe! Huko kwenye fotokopi ndiko mnakofundishwa kubishana na watu wazima?" Akaurudisha mwiko sufuriani kwa kishindo. "Sasa hata nikibembelezwa sibadiliki. Ni Jumapili hii hii, baada ya ibada. Nimemaliza."

Loo! Binti wa watu alikwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa. Aliingia jikoni akamkuta Ngolo amekaa juu ya kigoda, kisu mkononi, mboga zimesimama. "Usijali wifi," Ngolo akamwambia, na akajaribu kucheka, lakini lile cheko halikutoka. "Hata kwetu walikuwa wananikataza. Mdomo wangu hauwezi kukaa." Toka hapo hakupiga tena mluzi, na jikoni kukawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Tusekile alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kesho yake mwalimu Ezron alikuja kula mgahawani, kama kawaida yake, akakaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Tusekile alipomletea beseni la kunawia akamsimulia yote kwa kunong'ona. Mwalimu akanawa mikono, akatikisa kichwa.

"Umeona ulipokosea?"

"Nimempinga mtu mzima."

"Hapana! Umeupinga ukweli. Wateja hawapo, hata mimi nimekaa na mwangwi hapa. Nilikwambia chai umwachie meneja, wewe umekwenda kumwambia hakuna chai." Akamega tonge. "Shangazi yako ana mambo mawili ya kweli. Ngolo kaja. Wateja hawapo. Yote mkubalie, tena mkubalie kwa adabu zako zote. Halafu?"

Tusekile akatazama kiganja chake. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. "Halafu ile kwa hiyo."

"Enhe."

"Mwalimu, si nimwambie tu habari za lile daraja la ng'ambo?"

"Una hakika nalo? Umeliona? Tetesi usiziweke mbele ya wazee, zitakuangukia. Tafuta kitu ambacho shangazi yako mwenyewe anakijua na hawezi kukikana." Akaongeza mchuzi. "Na usimwambie. Muulize. Kuuliza hakujawahi kuwa utovu wa adabu."

Siku zilizobaki Tusekile hakufungua kitabu cha maswali. Aliosha vyombo akiwaza, akachambua mchele akiwaza, mpaka akaunguza maharage, akasemwa. Nini kilikuja kwanza? Nini kilikuwepo kabla ya Ngolo? Nani alikuwa anaosha vyombo hivi kabla yake? Hapo akasimama na sufuria mkononi, povu likimdondokea miguuni. Akacheka peke yake. Shangazi akamwuliza kama ana homa.

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha, mgahawa ukafungwa mlango wa mbele, na baba mdogo Lusubilo akaketi na koti lake la kanisani, mtu mzito wa kusema na mzito zaidi wa kula. Brayson alikaa pembeni, ameinama, anachokonoa kucha. Ngolo alikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi nusu. Begi lake lilikuwa tayari limefungwa, Tusekile aliliona kando ya gunia la unga, na lilimchoma moyo kuliko maneno yote.

"Dada, tumekuja kukusikiliza," Lusubilo akasema.

Shangazi Yunisi akajiweka sawa. Tumpe haki yake: hakuwa mtu mbaya, na hakusema kwa furaha. "Ndugu yangu, huyu binti ni mchapakazi. Ana heshima. Ananipikia ugali ambao hata mimi naula nikamaliza. Kosa la mikono hana. Lakini kuna watu wanazaliwa na nuksi, si kupenda kwao. Binti anapiga mluzi jikoni kutwa. Tangu aje, malori yamekata, wateja wamekata, mgahawa umekuwa makazi ya paka. Kwa hiyo ni yeye."

Kwa hiyo! Tusekile karibu aruke kutoka pale alipokuwa ameshika birika. Maneno yenyewe, kama yalivyokuwa ubaoni.

Lusubilo akashusha pumzi ndefu. "Kama umeona hivyo, dada, mimi nitasema nini..."

Tusekile akasogea na beseni na birika, akapiga goti mbele ya shangazi, akaanza kummiminia maji ya kunawa.  "Shangazi," akasema taratibu, "samahani, naomba kuuliza."

Shangazi akamkazia jicho. Lakini mtu aliyepigiwa goti na kumiminiwa maji, utamfukuzaje? "Uliza."

"Ni kweli wateja wamekata. Nilikosea siku ile, nisamehe."

"Nimekusamehe. Endelea."

"Nilikuwa nataka kujua tu. Yule dada Nesta aliyekuwa anakusaidia zamani, nilimpenda sana. Kwa nini aliondoka?"

"Nesta?" Shangazi akashangaa swali, lakini habari za Nesta alizipenda kuzisimulia. "Aa, Nesta sikugombana naye. Kazi ilikuwa hakuna! Msichana anakuja asubuhi, anakaa, anajipaka hina mpaka jioni, anaondoka. Mabenchi matupu. Nikamwambia, mama, nenda kwenu kwanza, kukichangamka nitakuita."

"Pole, shangazi. Halafu ukabaki peke yako?"

"Peke yangu! Ndipo nikamwita huyu Brayson, nikamwambia kwa kuwa msaidizi sina tena, hebu mlete huyo mchumba wako, nimtazame, huku ananishika..."

 Maji yalikuwa bado yanamiminika, mikono yake imesimama hewani chini ya birika, haisuguani tena.

 Brayson akainua kichwa. Hata Lusubilo, ambaye alikuwa ameanza kuifuata harufu ya kuku kwa macho, akageuka akamtazama dada yake. Mzee yule alifikiri polepole, lakini akifikiri alifika.

"Dada," akasema, "ngoja kwanza. Mabenchi yalikuwa matupu, Nesta akaondoka, ndipo huyu akaja?"

Shangazi akatazama benchi tupu.

"Sasa hiyo nuksi yake ilitangulia? Ilipanda basi peke yake kutoka Kamsamba, ikafika ikakaa hapa kumngojea mwenyewe?"

Brayson akashindwa kujizuia, akakohoa kicheko. Kule jikoni kitu kikaanguka, sufuria au kifuniko. Tusekile alikuwa bado yuko kwenye goti, hacheki, hasemi, anatazama beseni kwa heshima zote za Hasamba, na ndani yake moyo unapiga vigelegele.

Shangazi Yunisi akakung'uta maji mikononi. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi. Mwisho akamtazama Tusekile. "We mtoto. Basi kama si yeye, ni nini? Nani kawafukuza wateja wangu?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui! Chuo kikuu chote kile, hujui!"

"Kweli sijui. Watu wanasema kuna daraja limeharibika, lakini mimi sijaliona. Pengine ni daraja, pengine ni shaba. Ninachoona tu ni kwamba hata sisi hatujui. Na kwa kitu tusichokijua tunataka kumrudisha mtoto wa mzee Makene."

"Daraja," shangazi akasonya. "Daraja liko Zambia, mluzi uko jikoni kwangu." Lakini sauti yake ilikuwa imepoa. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Kisha akasema, na hapa ndipo Tusekile alipompenda shangazi yake kuliko siku zote: "Mimi sipendi kumwonea mtu. Nilikuwa karibu nimwonee huyu binti, na Mungu ananiona, tena nimetoka kanisani sasa hivi. Ngolo!"

Ngolo akatokea mlangoni, macho mekundu, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Fungua hilo begi lako. Unadhani sikuliona? Lusubilo, mahari ipelekwe. Wewe Brayson, acha kuchekacheka, funga mdomo. Lakini mwanangu," akamgeukia tena Ngolo, kidole juu, "mluzi utapigia nje. Jikoni kwangu, hapana."

Ngolo akapiga magoti yote mawili, akamkumbatia shangazi miguu. Shangazi akampigapiga mgongoni huku akitazama ukutani, kwa sababu naye machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka Lusubilo aone. Kuku akaliwa.

Mtihani Tusekile alikwenda kuufanya Mbeya mwisho wa mwezi. Kulikuwa na swali la mji uliojenga viwanja vya michezo na watoto wakapunguza kuumwa, meya akajipongeza. Tusekile akamwachia meya viwanja vyake, akawaachia watoto afya yao, akaenda moja kwa moja pale katikati. Matokeo yalipobandikwa jina lake lilikuwemo, na mwalimu Ezron akalinunulia darasa zima soda.

Lakini jambo lenyewe la kusimulia lilitokea kati ya Jumapili ile na matokeo hayo, siku aliyorudi Lusubilo kutoka Kamsamba na habari kwamba mzee Makene amepokea mahari kwa mikono miwili. Ilikuwa adhuhuri. Shangazi kwa furaha akasahau amri zake zote, na Ngolo kwa furaha akakumbuka mluzi wake. Akatoka nje, akasimama kando ya gunia la mkaa, mikono kiunoni, akapiga mluzi. Mluzi wa kuita ng'ombe wa nyika nzima. Watu walisimama barabarani kusikiliza.

Na kutoka upande wa mpakani, honi ikajibu.

Lori likatokea, na nyuma yake lori, na nyuma yake mengine, vumbi limefunga barabara, breki zinalia, malori yameshonana kutoka geti la mpakani hadi mbele ya mgahawa na kupita. Na pale pale mbele ya ubao wa UGALI NA NSHIMA yakasimama. Yakakwama! Foleni, foleni yenyewe, ile iliyoombewa kanisani macho yakiwa yamefumbwa. Madereva wakaanza kushuka wakijinyoosha viuno.

"Mwapoleni, bamayo!" wa kwanza akamsalimu shangazi kwa Kibemba, mtu mnene mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. "Nshima ipo? Tumepakosa sana hapa. Daraja la kwetu lilikatika, mabosi wakatuzungusha kupitia mpaka mwingine miezi yote hii. Limefunguliwa juzi. Ndio tunarudi."

Tusekile, sahani mkononi, akasikia. Mwalimu Ezron, aliyekuwa kwenye benchi lake la kila siku, naye akasikia. Wakatazamana.

Shangazi Yunisi vilevile alisikia, kila neno. Akamgeukia dereva, akageukia malori, kisha akamtazama Ngolo pale kwenye mkaa, midomo bado imebinuka. Uso ukamchanua.

"Mnaona!" akapiga ukelele, akipiga makofi. "Mnaona mambo! Mahari imepokelewa, mtoto katoka nje kapiga mluzi, daraja la Zambia limefunguka! Nilisema mimi, huyu binti ana baraka! Ngolo, mwanangu, ingia ndani, ingia upigie huku huku jikoni! Na kesho asubuhi mapema, na keshokutwa! Mtu asimkataze!"

Benchi la mwalimu Ezron lilikuwa limekwishajaa madereva, wamembana mpaka ukutani. Kutoka katikati ya mabega yale akamtazama Tusekile, akainua nyusi. Hoja ilikuwa pale mezani, nyepesi, imejaa matobo, na daraja limefunguliwa juzi, kabla ya mahari, kabla ya mluzi. Mwanafunzi wake bora alikuwa amesimama mbele yake. Akangoja.

Jikoni, kwa ruhusa ya mwenye jiko, mluzi ukaanza kupanda. Brayson alikuwa anabeba masufuria huku anaimba vibaya. Shangazi alikuwa anapita kati ya meza anacheka na kila dereva.

Tusekile akachukua birika na beseni, akapiga goti mbele ya mwalimu wake.

"Nawa mikono, mwalimu," akasema. "Ugali unapoa."